Jinai, madai au suluhu? Njia tatu za mtu aliyetendewa uhalifu

Mama lishe mmoja alikuja ofisini kwetu asubuhi, mkono wa kulia kauviringishia kanga. Alipoifungua niliona ngozi imebabuka kuanzia kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo, na pembeni usaha umeshaanza. Siku nne nyuma, mwenzake wa meza ya jirani pale stendi alimmwagia maji ya maharage yaliyokuwa yanachemka, kisa kugombea wateja. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na risiti mbili za duka la dawa na kikaratasi chenye namba ya RB, yaani namba ya taarifa aliyoandikisha polisi. Basi.

"Mwanangu, nishike lipi?" aliniuliza. "Kaka zangu wanataka afungwe. Baba watoto anasema cha muhimu hela ya matibabu. Na mwenyekiti wa mtaa keshatuita mara mbili tukae tuyamalize."

Katika kazi ya usaidizi wa kisheria swali hili hurudi kila wiki, likibadilika sura tu: leo ni mkono ulioungua, kesho ni pikipiki iliyoibwa, keshokutwa ni hela iliyoliwa na tapeli wa viwanja. Kaka, mume na mwenyekiti walikuwa wanataja njia tatu zisizofanana, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya haki. Nazilinganisha hapa kwa sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na mahakama zake, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba aulize kwao kabla ya kushika ninachosema.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote: unataka nini kitokee? Mwingine anataka aliyemkosea aadhibiwe. Mwingine anataka kurudishiwa alichopoteza. Mwingine anataka tu kupita njia ile ile jioni bila kutetemeka. Mara nyingi mtu anayataka yote matatu, lakini lazima ajue lipi akilikosa ataona amedhulumiwa.

Baada ya hapo angalia nani atashika usukani wa shauri lako, ushahidi ulionao unatosha kiasi gani, utatumia muda na nauli kiasi gani, na mwisho wa yote, uamuzi ukishatoka nani atahakikisha umetekelezwa. Hili la mwisho watu hulisahau, kisha ndilo linalowaliza.

Mahali ambapo hakuna kuchagua

Kabla sijaendelea, kuna makosa ambayo siyaweki mezani. Mtoto akibakwa, akilawitiwa au akipewa mimba, wazee hawana mamlaka ya kukaa na kupanga ng'ombe wangapi watolewe. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho baba wa binti wa miaka 13 alikuwa anahesabiwa noti mezani, binti mwenyewe yuko nje anaosha vyombo, hakuna aliyemuuliza lolote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na kupokea malipo ili kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Kwa mtoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi au piga 116 bure. Ubakaji wa mtu mzima nao si jambo la kusuluhishwa kibarazani, na vivyo hivyo mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na mume anayempiga mkewe mpaka anahofia uhai wake.

Njia ya kwanza: kesi ya jinai

*Unachopata.* Adhabu kwa mkosaji, na kumbukumbu ya mahakama kwamba kosa lilitendeka. Wengi hawajui kwamba kuna zaidi ya hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama, ikishamtia mtu hatiani, kumwamuru amlipe fidia aliyeumia au aliyepoteza mali. Kwa makosa ya kujamiiana, tangu sheria maalumu ya 1998, mahakama inatakiwa iamuru fidia pamoja na kifungo. Mali ya wizi ikikamatwa, inaweza kuamriwa irudi kwa mwenyewe.

Lakini amri ya fidia haidondoki yenyewe kutoka mbinguni. Hakimu hana namna ya kujua umetumia shilingi ngapi kama risiti zako zimebaki kwenye kabati. Nimeona hukumu zinasomwa, mtu anafungwa, na mlalamikaji anatoka nje hana hata senti moja kwa sababu hakuna aliyelitaja suala hilo. Ukienda kutoa ushahidi, zungumza na mwendesha mashtaka mapema: mwambie una risiti za matibabu, siku ulizokosa kazi, thamani ya kilichoharibiwa, na kwamba unaomba fidia.

*Nani ameshika usukani.* Serikali. Kesi husomeka "Jamhuri dhidi ya" fulani, na wewe ni shahidi, hata kama damu iliyomwagika ni yako. Polisi wanapeleleza, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inaamua kushtaki au kutoshtaki, na Mkurugenzi wa Mashtaka ana uwezo wa kuiondoa kesi mahakamani. Mshtakiwa akiachiwa na Mahakama ya Wilaya, wewe huwezi kukata rufaa. Anayeweza ni upande wa Jamhuri. Mahakama ya Mwanzo ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ina thamani: pale mlalamikaji anaruhusiwa kukata rufaa mshtakiwa akiachiwa, ndani ya siku 30.

Kitu kingine kinachowavunja watu moyo ni dhamana. Yule mama alimwona mwenzake amerudi mezani kesho yake, anakaanga chapati, akaamini polisi wamehongwa. Huenda hawakuhongwa. Kwa makosa mengi dhamana ni haki ya mtuhumiwa, na kupewa dhamana hakumaanishi kesi imekufa. Akikutishia akiwa nje kwa dhamana, hilo ni jambo jipya. Rudi kituoni ukaliripoti siku hiyo hiyo, kwa tarehe na maneno aliyoyasema.

*Ushahidi.* Lazima kosa lithibitishwe bila kuacha shaka. Kiwango hiki ni cha juu, na ndiyo maana PF3 ina uzito. Ni fomu ya polisi unayokwenda nayo hospitali, daktari akaandika alichokiona. Ukiwa na hali mbaya, tibiwa kwanza, fomu ifuate. Kwa makosa ya kujamiiana, ushahidi wa mwathirika peke yake unaweza kutosha iwapo mahakama itaridhika kwamba anasema kweli, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bila shahidi wa pili hakuna kesi.

*Muda na gharama.* Kufungua jalada polisi hakuna ada. Gharama iko kwenye nauli na kwenye siku za biashara zinazopotea. Kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena. Shahidi mmoja hakuja, hakimu yuko kwenye kikao, jalada halijafika. Mtu anayeuza chakula stendi akifunga meza siku nane, nane hizo hazirudi.

*Inamfaa nani.* Mwenye kidonda kikubwa, mwenye hofu ya kuumizwa tena, aliyekosewa na mtu asiyemjua, na yule ambaye mkosaji wake amezoea: keshawafanyia hivyo watu wengine na atawafanyia wengine tena.

Njia ya pili: kesi ya madai

*Unachopata.* Pesa. Mahakama ya madai haimfungi mtu kwa kukuumiza. Inamwamuru akulipe gharama za matibabu, mapato uliyopoteza, maumivu, hasara ya mali. Kwa hasara kubwa, kwa mfano mkono usioweza tena kuinua sufuria, fidia ya madai inaweza kupimwa kwa upana kuliko ile ya jinai.

*Nani ameshika usukani.* Wewe mwenyewe, kwa jina lako. Wewe ndiye mdai, unaamua kufungua, kuendelea, kukubali mapatano au kukata rufaa. Uhuru huu una uzito wake, maana hakuna mpelelezi atakayekutafutia mashahidi.

*Ushahidi.* Hapa kiwango ni cha chini: mahakama inapima upande upi una uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Ndiyo maana inawezekana mtu akaponea kwenye shaka ya jinai ilhali ushahidi ule ule ungetosha kwenye madai. Na kama alishatiwa hatiani kwenye jinai na rufaa zimekwisha, hukumu ile inakuwa nguzo imara ya madai yako. Huanzi kuthibitisha kosa upya.

*Muda na gharama.* Kuna ada ya kufungua shauri, na mara nyingi kuna wakili. Anayedai fidia ya kuumizwa kwa kawaida anaangukia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Mahakama ya Mwanzo inafaa kwa deni linalotokana na mkataba, lisilozidi shilingi milioni 30, na pale mtu anaweza kujisemea mwenyewe kwa Kiswahili cha kawaida.

Kuna kalenda ambayo lazima uitie akilini. Madai ya kuumizwa au kuharibiwa mali hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ya mkataba ni miaka 6. Usijipe matumaini kwamba hesabu hiyo inasimama kwa sababu kesi ya jinai inaendelea. Nimewapokea watu waliosubiri kwa uvumilivu jinai iishe, ikaisha mwaka wa nne, wakaja na hukumu nzuri mkononi na mlango wa madai umeshafungwa.

Kisha kuna kukaza hukumu. Mahakama ikisema ulipwe milioni 4, na mdaiwa hajalipa, inabidi uombe utekelezaji: mali ikamatwe, dalali wa mahakama aiuze. Kama mdaiwa anaishi chumba kimoja cha kupanga na mali yake ni godoro na jiko, ushindi wako ni karatasi. Chunguza ana nini kabla hujalipia ada.

*Inamfaa nani.* Mwenye hasara kubwa inayohesabika, dhidi ya mtu au kampuni yenye kitu cha kukamatwa: mwenye nyumba, mwenye basi, mfanyabiashara mwenye duka. Inamfaa pia aliyetapeliwa, lakini hapo kuna mkanganyiko unaohitaji maelezo.

Ukipeleka polisi malalamiko ya mtu aliyechukua hela yako ya kiwanja, mara nyingi utaambiwa, "Hili ni la madai, nenda mahakamani." Wakati mwingine ni kweli. Kama alikuwa na kiwanja kweli, akakusudia kukuuzia, kisha akashindwa kutimiza, huo ni mkataba uliovunjwa. Kama tangu mwanzo kiwanja hakikuwa chake, au alikionyesha kwa watu watano akapokea hela kwa wote, hilo ni kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, nalo ni jinai kamili. Ukirudi kituoni, usianze na kiasi ulichopoteza. Anza na uongo aliokuambia, lini, na unajuaje kwamba ulikuwa uongo. Kwa upande wa pili, usitie chumvi ili deni lako lionekane wizi. Kumpa polisi taarifa za uongo ni kosa, na wapo waliogeuziwa kibao.

Njia ya tatu: suluhu

*Unachopata.* Mambo ambayo mahakama mbili zile hazina namna ya kuyatoa: mtu kukuomba radhi mbele ya watu wanaokufahamu, meza za stendi kusogezwa zisigusane, malipo ya kidogo kidogo yanayolingana na kipato cha mlipaji. Sheria yenyewe haiipingi njia hii. Kwa shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya mtu na mtu, hata kesi ikiwa imeshafika mahakamani, hakimu anaruhusiwa kuhimiza mapatano na fidia, na shauri likakomea hapo.

*Nani ameshika usukani.* Kwa maneno, nyinyi wawili. Kwa uhalisia, mara nyingi ni yule mwenye ukoo mkubwa zaidi kwenye benchi. Hapa ndipo ninapotazama kwa makini kuliko penginepo. Mwenyekiti akiwa shemeji wa mkosaji, au mke akiambiwa "unataka kuvunja nyumba yako?", hakuna suluhu pale, kuna shinikizo. Una haki ya kuomba msuluhishi mwingine, kuja na mtu wako, kuomba muda wa kufikiri, au kukataa.

*Ushahidi.* Hauhitajiki sana kama mkosaji anakiri. Asipokiri, kikao kitageuka mabishano, na hapo ondoka.

*Muda na gharama.* Siku chache, pengine jioni moja. Tatizo huja baadaye: awamu ya kwanza inalipwa, ya pili inacheleweshwa, ya tatu simu haipokelewi. Kwa hiyo andikeni. Makubaliano yataje jina la kila mmoja, kilichotokea, kiasi, tarehe za kulipa, na saini za mashahidi wa pande zote mbili, kila upande ubaki na nakala. Karatasi hiyo ni mkataba, na asipolipa unaweza kuipeleka Mahakama ya Mwanzo kama deni. Mapatano ya mdomo yanadumu mpaka hasira inayofuata.

*Inamfaa nani.* Majirani, ndugu, wafanyabiashara wa soko moja, vijana waliopigana wakiwa sawa kwa nguvu na bila kidonda kikubwa; watu watakaoendelea kuonana kesho. Haimfai anayemwogopa mwenzake.

Wanaobishana wanabishania nini

Kwenye mikutano ya wadau mjadala huwa mkali. Wapo wanaosema adhabu ndiyo haki, na kwamba fidia inawapa wenye hela ruhusa ya kununua makosa yao. Wapo wanaojibu kwamba kumfunga baba wa watoto watano hakumrudishii mwathirika chochote, na mfungwa hana mshahara wa kulipia bandeji ya mtu. Wote wana hoja. Katiba yenyewe imebeba pande zote: ibara ya 107A inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, na hapo hapo inazitaka zikuze usuluhishi.

Ninachokiona mimi ni kwamba ugomvi huu unakosea mahali pa kuangalia. Hakuna mwathirika aliyewahi kulalamika kwangu kwamba adhabu ni ndogo au kubwa kabla ya kulalamika kwamba hakuambiwa kitu. Kesi imeahirishwa, hakuambiwa. Mshtakiwa amekiri na kuhukumiwa, amesikia sokoni. Kenya ilipitisha Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya huko ikakubali kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kwenye kesi, mwenyewe au kupitia wakili, bila kugeuka mwendesha mashtaka wa pili. Kwetu haki zake zimetawanyika kwenye sheria mbalimbali. Mabadiliko ya 2019 yaliyoleta makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka yalitambua kwamba mwathirika asikilizwe hali ikiruhusu. Ni mlango mdogo, lakini upo, na anayejua upo anaweza kuugonga.

Ukiwa kwenye hali hii, anza hapa

*Umeumizwa na una kidonda.* Hospitali, PF3, RB. Ukitaka suluhu baadaye, haya hayakuzuii. Ukikosa haya, jinai na madai vyote vinalegea. Yule mama tulimpeleka hospitali kwanza. Daktari aliandika kwenye fomu kina cha kidonda na siku alizokadiria mkono usitumike, na mistari ile miwili ndiyo iliyobadilisha sauti za kila mtu kwenye kikao cha mwenyekiti. Alichagua jinai, akaomba fidia humo humo.

*Umeibiwa na hujui nani.* Ni jinai tu. Huna wa kumdai wala wa kusuluhishana naye. Peleka kituoni risiti ya ununuzi, namba ya injini au IMEI ya simu. Mali ikipatikana itashikiliwa kama kielelezo. Kama ndiyo inayokulisha, mwombe mwendesha mashtaka aiulize mahakama kama inaweza kupigwa picha na kurudishwa mapema.

*Umetapeliwa na unamjua.* Jinai kama kulikuwa na uongo tangu mwanzo, madai kama ni ahadi iliyovunjwa. Ikiwa ana mali anazoanza kuziuza, mwone mwanasheria wiki hii, usingoje mwezi.

*Ni jirani au ndugu, jeraha ni dogo, na humwogopi.* Suluhu ya maandishi. Hifadhi RB yako mpaka awamu ya mwisho ilipwe.

*Unamwogopa, au anaishi ndani ya nyumba yako.* Dawati la Jinsia kwanza, usalama kwanza. Usikubali kikao ambacho mtakaa chumba kimoja ukiwa peke yako.

*Huna hela ya wakili.* Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo katika halmashauri nyingi. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii au kwa mtendaji wa kata. Huduma hiyo hulipii.

*Bado hujaamua.* Chukua daftari la shule la kurasa 40. Andika leo tarehe, saa, mahali, waliokuwepo na namba zao za simu, maneno yaliyosemwa. Bandika risiti zote humo, hata ya nauli na ya dawa ya maumivu. Piga picha kidonda leo, baada ya siku 3, na baada ya wiki, kwenye mwanga wa mchana. Njia yoyote utakayoishika mwezi ujao, daftari hilo utaulizwa.